Kiti Karibu na Choo: Je, Ni Kukosa Imani?

Andiko la wiki: Wagalatia 4:13-14

Bishop aliponipa ukurasa huu nilimwambia mapema kwamba nitaandika juu ya jambo ambalo halizoeleki katika kijarida cha kanisa. Nitaandika juu ya mkojo. Alicheka, halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Andika, Pasta. Wako wengi." Kwa hivyo kama unasoma hii ukiwa mezani, pole, maliza chai kwanza.

Swali langu ni hili. Mtu aliyeokoka, anayeamini kwamba Mungu huponya, akisafiri na ugonjwa ambao haujapona, je, akijipanga kwa ajili ya huo ugonjwa amekosa imani? Na akiuficha, amedanganya au ametunza tu siri yake? Zamani ningekujibu haraka. Nilijibiwa vingine nikiwa kwenye foleni ya pasipoti kule London, na jibu hilo lilinigharimu suruali na heshima kidogo.

UGONJWA WENYEWE

Ulianza nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea biashara. Nilikuwa naenda msalani mara kumi na tano, wakati mwingine ishirini kwa siku, na usiku naamka kila saa. Kibofu kikijaa kidogo tu, maumivu. Nikitoka msalani, nafuu ya dakika chache, halafu yale yale. Nikaenda kliniki, nikaambiwa ni UTI, nikapewa antibayotiki. Nikaenda nyingine, antibayotiki tena. Mkojo ukipimwa hauonyeshi mdudu yeyote, lakini dawa ya mdudu naandikiwa. Kuna daktari aliyesema ni tezi dume, mwingine akasema ni mawazo ya mitihani. Miaka ikaenda hivyo.

Mwishowe daktari bingwa wa mfumo wa mkojo aliniingiza kamera ndogo, akatazama kibofu kwa ndani, akanipa jina la ugonjwa. Kwa Kiingereza wanauita interstitial cystitis. Ukitaka kwa lugha ya nyumbani, ni ugonjwa wa maumivu ya kibofu. Si wa kuambukiza na si wa zinaa, nasema hivyo kwa sababu najua akili za watu zinakimbilia wapi. Wanawake ndio huupata zaidi, lakini hata sisi wanaume tunaupata. Chanzo chake hakijajulikana vizuri, na hakuna dawa moja inayoumaliza kwa kila mtu. Unatulizwa kwa vidonge, kwa kuchagua chakula, na kwa kufundisha kibofu kungoja pole pole. Kisha daktari akaniambia neno ambalo sikulisikia vizuri siku hiyo: kwamba huu ugonjwa una tabia ya kupoa wenyewe kwa muda, halafu unarudi.

Miaka miwili iliyopita tulifunga siku tatu kama kanisa. Wazee wakaniwekea mikono. Kesho yake nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu chuoni. Jumapili nilipanda madhabahuni nikatangaza kwamba nimepona kabisa. Wengi wenu mlikuwepo. Mlipiga makofi, mkaimba, na mama mmoja akanikumbatia akilia.

Hali hiyo njema ilikaa miezi minne. Mwezi wa tano maumivu yalirudi. Mimi sikurudi madhabahuni.

SAFARI

Mwaka jana ushirika wa Wakenya walioko kaskazini mwa London ulitualika tuhudumu kwao wiki mbili. Mkatuchangia tiketi, Mungu awabariki. Tulikuwa wawili, mimi na mzee wetu wa hazina, ambaye mnamjua na ambaye ameniruhusu kuandika haya. Yeye ndiye aliyeshughulikia tiketi. Akanipigia simu: "Pasta, unataka ukae upande gani?" Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu: nipe kiti cha kando ya njia, karibu na choo. Lakini mtu aliyeponywa kabisa anataka choo cha nini? Nikasema, "Popote, Mzee." Nikapewa dirishani.

Nilijipanga kwa njia yangu ya kujificha. Tangu mchana wa siku ya safari sikunywa maji. Wagonjwa wengi wa kibofu hufanya hivyo, na ni kosa. Ukikosa maji, mkojo unakuwa mzito na mkali, na kibofu kilicho na kidonda kinawaka zaidi. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na nilishuka msalani mara tatu njiani. Nilimwambia Mzee tumbo limevurugika kidogo.

Ndege ni karibu saa tisa hewani, usiku. Mimi dirishani, Mzee katikati, na kijana mmoja tusiyemjua kando ya njia, amejifunika blanketi hadi kichwani. Kila nilipotaka kutoka, ilibidi wote wawili waamke. Mara ya kwanza nikasema nataka kunyoosha miguu. Mara ya pili nikasema nimesahau kuosha uso. Mara ya tatu, na hapa Mungu anisamehe, nilisema nimesikia msukumo wa kwenda kusimama kule nyuma niombe. Mzee akaniambia, "Amina," akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akajivuta akasimama. Mnajua magoti yake. Mnajua anavyopanda ngazi za ofisi ya kanisa akipumzika katikati. Yule mtu alisimama gizani tena na tena kwa sababu ambayo sikumwambia.

Tulipokaribia London, taa ya mikanda iliwaka, na ndege ikazunguka angani ikingoja nafasi ya kutua. Sikuweza kuamka. Tulipotua, watu wakasimama kwenye njia, mabegi kichwani. Tukatembea ile njia ndefu. Nilipita mlango wa choo nikauona kabisa, lakini Mzee alikuwa ametangulia na sikutaka kumweleza tena. Nikasema, wacha nivumilie, foleni itaenda haraka. Haikuenda. Mama mmoja mfanyakazi wa pale aliniona nikihamisha uzito mguu hadi mguu, akaja akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikamwambia niko sawa, asante.

Dakika chache baadaye sikuwa sawa. Nilikuwa nimevaa suruali ya kijivu. Kijivu haifichi kitu.

KOTI LA MZEE

Mzee aligeuka, akaona. Hakusema neno. Alivua koti lake, lile zito alilonunua Gikomba maalum kwa baridi ya huko, akanipa bila kunitazama chini: "Funga kiunoni." Halafu akasimama nyuma yangu hadi tukafika mbele ya foleni. Nilikumbuka Mwanzo 9, wale wana wawili wa Nuhu waliochukua nguo wakaenda kinyumenyume ili wasiuone uchi wa baba yao. Hapa ilikuwa kinyume, baba alimfunika mtoto.

Nilipokwisha kubadilisha nguo, tulikaa kwenye benchi tukingoja mwenyeji wetu. Mzee akauliza:

"Tangu lini?"

"Tangu chuoni, Mzee."

"Mara tisa, Pasta. Kule kwenye ndege umeniamsha mara tisa. Nilihesabu." Mtu wa hazina huhesabu. "Ungeniambia, ningekaa dirishani mimi, na yule kijana tungembembeleza abadilishane nawe. Magoti yangu hayakujua kwamba wewe unaona aibu. Yalijua tu kuamka."

Nikaomba msamaha. Nikadhani imeisha. Akanyamaza kitambo, halafu akauliza, "Na ule ushuhuda?"

Nikamwambia ukweli. Miezi minne.

"Mama watoto," akasema, "aliacha dawa ya presha wiki ile ile uliposhuhudia. Alisema, kama Mungu amemfanyia Pasta, mimi naye hatanipita. Alikaa miezi kadhaa bila dawa. Ile siku tulimkimbiza hospitali usiku, ni wewe ulikuja ukamwombea."

Nilikumbuka ule usiku. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake, mkono wangu kwenye paji la uso wake, na kibofu changu mwenyewe kikiuma wakati ule ule. Nikaomba kwa sauti kubwa. Kisha nikaenda nyumbani na siri yangu, na mama akabaki hapo akijiuliza imani yake imepungukia wapi.

NANI ANALIPA?

Wacha nirudi darasani kidogo. Katika biashara tulifundishwa juu ya kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni. Ukisoma hesabu za mwenye kiwanda, utaona faida nzuri. Lakini gharama haijapotea. Inalipwa na watu wanaokaa chini ya mto, wanaochota yale maji, na katika vitabu vya mwenye kiwanda hawaonekani popote.

Siri yangu ilikuwa hivyo. Kwenye hesabu zangu ilionekana haina gharama, tena ilionekana kama imani. Lakini magoti ya mzee yalikuwa yanalipa. Presha ya mkewe ilikuwa inalipa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mto nikisema, Bwana ni mwema.

Tangu siku ile hiki ndicho kipimo ninachotumia, na nakupa ukipime: ukitaka kujua kama kunyamaza kwako ni imani au ni aibu, uliza nani analipa. Ikiwa ni wewe peke yako, huenda ni siri yako halali. Ikiwa kuna mwingine anayelipa bila kujua analipia nini, huyo unamdai ukweli.

Nasema hivyo kwa uangalifu, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akidhani ni lazima asimame Jumapili atangaze magonjwa yake yote. Hapana. Mwili wako si mali ya kamati. Dada anayefanya kazi na ana shida ya kibofu hana deni la kumweleza kila mtu ofisini. Bwana wetu mwenyewe, katika Marko 1, alimkataza yule mwenye ukoma kutangaza. Lakini hapo hapo alimtuma kwa mtu mmoja, kuhani, akajionyeshe. Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kumchunguza mtu na kusema kama kweli amepona. Kwa maneno ya biashara, hesabu zilikaguliwa kabla ya kutangazwa. Mimi nilitangaza kabla ya ukaguzi. Sisemi Mungu hakunigusa ile wiki. Nililala, na nilimshukuru, na namshukuru hadi leo. Nasema tu kwamba nilisema "kabisa" siku ya nne, na ilipobadilika sikurudi kurekebisha kitabu. Kosa la kwanza lilikuwa haraka. La pili lilikuwa uongo, hata kama sikufungua mdomo.

JE, KUJIPANGA NI KUKOSA IMANI?

Kuna ndugu ambao watasema: Pasta, ukiomba kiti karibu na choo umekiri ugonjwa, na ukiukiri unaukaribisha. Nilikuwa naamini hivyo, na nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu wengi wao wameona Mungu akitenda. Lakini hebu tusome.

Wagalatia 4: Paulo anawakumbusha Wagalatia kwamba ni kwa sababu ya udhaifu wa mwili ndiyo aliwahubiria mara ya kwanza. Mtume, safarini, nchi ya watu, mgonjwa. Wala hakuwaficha. Waliuona, hawakumdharau, wakampokea kama malaika. Fikiria angejifanya mzima: ule upendo wao wangeuonyesha wapi?

Wafilipi 2: Epafrodito aliumwa akiwa mbali na kwao, karibu kufa, na Paulo anaiandika katika barua ya kusomwa na kanisa lote. 2 Timotheo 4: Trofimo ameachwa Mileto akiwa mgonjwa. Huyu ni Paulo yule yule ambaye leso zake zilipelekewa wagonjwa wakapona. Katika sura hiyo hiyo anamwagiza Timotheo amletee vazi lake aliloliacha Troa, akija aje kabla ya majira ya baridi. Mtu wa imani anayepanga mzigo. Na kwenye 1 Timotheo 5, anampa kijana wake ushauri wa tumbo. Hakumwambia aongeze imani.

Na Warumi 4 inasema Ibrahimu alitafakari hali ya mwili wake, umri wote ule, bila kudhoofika katika imani. Alitazama, akakubali ndivyo ulivyo, na bado akaamini. Imani haikumtaka afumbe macho.

Tena soma Kumbukumbu la Torati 23. Mungu anapanga kambi ya vita, na katikati ya mipango hiyo anaagiza kuwe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake. Mungu aliyepasua bahari alikaa akafikiria choo cha watu wake. Sasa mimi ni nani, nione haya kufikiria changu?

Ninaamini Mungu huponya. Bado naombewa, na nitaendelea. Lakini kuomba uponyaji na kuomba kiti cha kando ya njia havigombani. La kwanza namwachia Mungu atajibu lini. La pili ni kumpenda jirani yangu anayekaa siti ya katikati.

SAFARI YA KURUDI

Mwenyeji wetu ni mama wa Kikenya, muuguzi huko. Mzee aliniambia, "Mwambie wewe mwenyewe." Nikamwambia kabla gari halijatoka kwenye maegesho. Hakushangaa hata kidogo. Alisema tu, "Basi tutasimama kabla ya kuingia M25, maana vituo vya kupumzika kwenye ile barabara ni vichache." Sentensi moja. Miaka yote ile nilikuwa naogopa sentensi moja.

Alinifundisha mengi wiki hizo. Kule kuna kamba ya shingoni ya kijani yenye picha za alizeti. Ilianza katika uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016, na sasa viwanja vingi vya ndege duniani vinaitambua. Ukiivaa, wafanyakazi wanaelewa kwamba una hali isiyoonekana kwa macho na huenda ukahitaji subira au msaada. Hulipii, wala huulizwi ni ugonjwa gani. Kuna pia ufunguo wa pamoja, mpango ulioanza mwaka 1981, unaofungua maelfu ya vyoo vya walemavu na wagonjwa nchini kote. Stesheni kubwa za treni ziliacha kutoza pesa za choo mwaka 2019. Si paradiso, treni za chini ya ardhi hazina vyoo, na stesheni zake nyingi hazina pia. Lakini kuna watu waliokaa wakawafikiria wasioweza kungoja.

Kwa wale wanaosafiri, kama ni kwenda kwa watoto Marekani, kazini Ghuba au kuhiji Israeli, nawaachia niliyojifunza. Chagua kiti cha kando ya njia unapokata tiketi, usingoje siku ya kusafiri. Beba barua ya daktari, na dawa ziwe kwenye pakiti zake, katika mkoba wa mkononi, si kwenye begi la chini. Usijinyime maji, kunywa kidogo kidogo. Punguza chai, kahawa, soda na maji ya machungwa siku hiyo ikiwa vinakuchoma. Nenda msalani kabla hujasikia haja, hasa kabla ndege haijaanza kushuka. Weka suruali ya akiba na pedi za mkojo, na wanaume, zipo zetu pia, hazing'ati. Mwambie mhudumu wa ndege mapema. Na mwambie mtu unayesafiri naye.

Kurudi, nilikaa kando ya njia, na ile kamba ya alizeti shingoni. Niliamka mara saba. Mzee alilala hadi Nairobi.

NILIVYORUDI MADHABAHUNI

Mnakumbuka Jumapili ile ya mwezi wa kumi na mbili. Nilisimama nikasema nilichosema, na hakukuwa na makofi. Baada ya ibada ndugu mmoja aliniambia nimempa shetani ushindi. Wengine waliacha kuniita nikawaombee wagonjwa wao, na wengine hawajarudi kuniita hadi leo. Siwalaumu. Niliwauzia kitu, nikachelewa kuwaambia kina kasoro.

Lakini wiki iliyofuata walianza kuja ofisini, mmoja mmoja, wakifunga mlango. Wazee wa tezi dume ambao wameacha kwenda mazishi ya mbali kwa sababu gari halisimami. Mama mwenye sukari anayeogopa mikesha. Na mama mmoja ambaye tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho hawezi kuzuia mkojo. Akaniambia kwa miaka anakuja mapema akae nyuma karibu na mlango, na wahudumu wetu wa mlangoni kila Jumapili wanamwinua aende mbele ajaze viti. Akienda mbele, anakaa ibada nzima akiomba Mungu aimalize. Sasa anakuja mara moja kwa mwezi. Sisi tulidhani amepoa kiroho.

Kwa hivyo sasa mistari miwili ya nyuma iko wazi, na wahudumu wameambiwa wasimwinue mtu wala wasimuulize kwa nini. Yule mama nilimsindikiza kwa daktari, kwa sababu shida kama yake mara nyingi hutibika, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kulikuwa na nyumba moja zaidi ya kwenda. Nilimwendea mke wa Mzee, nikakaa sebuleni kwake, nikamwomba msamaha kwa ile miezi ya kukaa bila dawa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nimekusamehe, Pasta, lakini wakati mwingine, kabla ya kutuambia umepona, tuambie tu umelala vizuri. Tutapiga makofi vile vile." Halafu akainuka kuleta chai, akasimama mlangoni wa jikoni akafikiri, akarudi na glasi ya maji.

Tuombe. Baba, wewe uliyeumba huu mwili unajua umeundwaje. Tuponye, na tukingoja, tupe ujasiri wa kusema ukweli kwa wale wanaobeba mzigo wetu bila kujua. Wafunike walioaibika, kama mzee wetu alivyonifunika mimi. Katika jina la Yesu, Amina.